Kutibu chunusi kwa mwanga wa taa: utaratibu wa kufuata nyumbani

Taa za kutibu chunusi zimeenea, na wengi wanaozinunua huziwasha usoni na kusubiri matokeo bila kujua wanamulika nini. Mwanga unasaidia, ila kwa aina fulani ya chunusi, kwa kipimo kinachoeleweka, na kwa mtu ambaye mwili wake unauhimili. Utaratibu ufuatao ndio ninaowapa wagonjwa wangu.

Kwanza uelewe kazi ya mwanga wenyewe. Ndani ya vitundu vya vinyweleo huishi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye hutengeneza kemikali ziitwazo pofirini. Chumba kikiwa giza, mmulike mtu mwenye ngozi ya mafuta kwa taa ya Wood (taa ya miale ya urujuanimno ambayo madaktari hutumia kuchunguza ngozi) puani na kwenye paji la uso, utaziona: vidoa vidogo vya rangi ya chungwa vinang'aa penye vitundu. Pofirini hizo hufyonza mwanga wa buluu, hasa wenye urefu wa mawimbi ulio karibu na nanomita 415, na kuzalisha oksijeni kali inayomuua bakteria huyo huyo aliyezitengeneza. Mwanga mwekundu, wa nanomita 630 hadi 660, huzama ndani zaidi ya ngozi na kutuliza uvimbe. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la watu 107. Kundi lililomulikwa kwa rangi zote mbili kila siku kwa wiki 12 lilipungukiwa chunusi zenye uvimbe kwa wastani wa asilimia 76. Hata hivyo, mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 71 ya tiba za mwanga, yaliona ushahidi kwa ujumla bado ni dhaifu. Kwa sababu hiyo naitumia taa kusaidia dawa ya kupaka, wala simwachishi mtu dawa kwa ajili ya taa.

Hatua ya 1: Zitambue chunusi zako

Nawa uso, ukauke, kisha simama karibu na dirisha na upitishe ncha ya kidole taratibu. Vipele vyekundu vinavyouma ukivigusa, pamoja na vile vyenye usaha, ndivyo vinavyofaa kumulikwa. Vichwa vyeusi na vyeupe ni vitundu vilivyozibwa na mafuta na seli zilizokufa, na mwanga hauvizibui. Vinahitaji dawa ya kupaka kama adapalini. Ukikuta mabonge magumu chini ya ngozi, yenye maumivu, usipoteze muda na taa. Muone daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa hayo ndiyo huacha makovu.

Hatua ya 2: Hakikisha mwanga hautakudhuru

Usianze kabla ya kuzungumza na daktari kama unatumia doksisaiklini (antibiotiki), isotretinoini (kidonge cha chunusi kali), au dawa ya presha yenye haidroklorothiazaidi, au kama una lupasi (kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe), pofiria (ugonjwa wa pofirini kuzidi mwilini), kifafa au ugonjwa wowote wa retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mwaka 2019 kampuni ya Neutrogena iliondoa sokoni barakoa zake za mwanga kwa kuhofia macho ya watu wenye magonjwa fulani ya macho na wanaotumia dawa zinazoongeza athari za mwanga. Soma orodha ya dawa zako zote, hata zile ulizozizoea.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kipimo

Taa nzuri huandikwa mambo mawili: urefu wa mawimbi kwa nanomita, na nguvu kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba. Isiyoandikwa hayo siipendekezi, hata ikiwa na rangi saba. Zidisha nguvu kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, upate juli, yaani kiasi cha nishati kinachofika kwenye ngozi. Taa ya buluu ya miliwati 40 ikiwaka dakika 20 hutoa juli 48 kwa kila sentimita ya mraba, kipimo kinachotumika katika baadhi ya kliniki mara mbili kwa wiki. Ya miliwati 10 ingehitaji dakika 80 kufikia hapo, ndiyo maana taa dhaifu za nyumbani hutumika kidogo kidogo kila siku. Fuata umbali ulioandikwa kwenye maelezo; ukiisogeza taa mbali, hesabu yote inaharibika.

Hatua ya 4: Safisha ngozi, ziba macho

Ondoa vipodozi na mafuta ya kukinga jua, nawa kwa sabuni isiyo kali, jikaushe. Usipake retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A, kama adapalini), asidi wala mafuta ya limau kabla ya kumulika. Dawa zako zipake baadaye. Vaa miwani ya kuziba mwanga kabisa. Kufumba macho hakutoshi, kwani kope ni nyembamba.

Hatua ya 5: Jaribu sehemu ndogo kwanza

Hapa naomba usikilize zaidi kama ngozi yako ni nyeusi au ya maji ya kunde. Mwanga wa buluu unaweza kuiamsha rangi ya ngozi yenyewe, na doa jeusi lililoachwa na chunusi likakolea zaidi. Nimewaona watu waliopona vipele wakabaki wanalia na madoa. Mulika sehemu ndogo chini ya taya kwa nusu ya muda, kisha iangalie baada ya siku mbili. Ikikolea, acha buluu, tumia nyekundu peke yake. Mchana paka mafuta ya kukinga jua yenye rangi, yaliyo na oksidi za chuma. Yale ya kawaida huzuia miale ya urujuanimno lakini hupitisha mwanga unaoonekana kwa macho, ukiwemo wa buluu. Mwenye melasma, yaani mabaka meusi ya usoni, asitumie buluu kabisa.

Hatua ya 6: Mulika kwa ratiba

Mulika eneo zima linalotoka chunusi, maana kipele cha wiki ijayo kimeshaanza kujijenga pembeni ya hiki unachokiona. Joto dogo ni kawaida. Ukisikia kuungua, au wekundu usipotoka kufikia kesho yake, pumzika. Usiongeze dakika kwa haraka ya kupona.

Hatua ya 7: Pima matokeo

Piga picha kila baada ya wiki mbili, mahali pale pale, saa ile ile, na uhesabu vipele vyenye uvimbe. Mabadiliko huanza kuonekana karibu na wiki ya nne. Uamuzi ufanye wiki ya 12. Vikipungua, endelea mara chache kwa wiki, kwa sababu bakteria hurudi ukiacha. Visipopungua, nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na picha hizo, orodha ya dawa zako na karatasi ya maelezo ya taa.