Kumuuguza Paka Amchukiaye Daktari, Hatua kwa Hatua

Juma lililopita nilikesha Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, nyumbani kwa jirani ambaye namwita mama mdogo kwa kuwa alilelewa pamoja na mama yangu. Tulikuwa tukimuuguza paka wake dume aliyeshikwa na mafua makali na ambaye, kila alipouona mkoba wa daktari, alipanda juu ya kabati na kukaa huko hadi usiku. Kulipopambazuka mama mdogo aliniomba nimwandikie yote tuliyofanya, ili siku nyingine aweze kuanza mwenyewe kabla sijafika. Nimeona ni vyema maandishi hayo yawafikie na wengine, kwa sababu Lamu ni mji wa paka, na kwa sababu katika miaka zaidi ya 15 ya kufuga, baadhi ya ninayoyajua niliyajua kwa kumwumiza mnyama niliyempenda.

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya daktari wa wanyama. Paka amchukiaye daktari bado anamhitaji, na kazi yetu sisi wa nyumbani ni kufanya safari za kwenda kwake ziwe chache, fupi na zenye faida.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa unaruhusu kuuguziwa nyumbani

Paka dume anayeingia na kutoka kwenye beseni la mchanga, akijikamua bila mkojo kutoka, huenda mrija wake wa mkojo umeziba, na hali hiyo inaweza kumuua katika muda wa siku moja au mbili. Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta, na saa za kumwokoa zikapotea. Apelekwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa paka anayehema mdomo wazi kama mbwa, ambaye fizi zake zimegeuka nyeupe, manjano au buluu, au ambaye hajala kitu kwa saa 24. Paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kulilemea, na huo huwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hapa kwetu pana pia hatari ya mshipi na ndoana, kwa kuwa paka wanaoranda ufukweni humeza chambo pamoja na uzi wake. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa, usiuvute hata kidogo, maana huenda ukaukata utumbo kwa ndani. Mpeleke na uzi wake.

Kabla hujafungua sanduku la dawa za nyumbani, tafadhali lishike hili: parasetamoli inaua paka. Kidonge kimoja cha kawaida cha mtu mzima kinatosha. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Ibuprofeni nayo ni sumu kwake, na dawa za kupe zilizotengenezewa mbwa au ng'ombe zisimguse kabisa, kwa kuwa nyingi zina pemethrini au jamii yake, ambazo humtia paka mtetemeko na degedege.

Hatua ya 2: Pima na uandike

Chukua daftari. Akiwa amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: chini ya 30 ni kawaida, na zikizidi 40 akiwa ametulia, mpigie daktari simu. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie; rangi yake irudi ndani ya sekunde 2. Joto la paka mzima wa afya ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, lakini kipimajoto huingizwa njia ya haja kubwa, na kwa paka mwenye hasira sikushauri ulazimishe.

Uzito ndio ninaousisitiza. Paka wa Lamu ni wembamba kwa maumbile, wenye miguu mirefu na shingo ndefu, hata wageni huwafananisha na paka waliochorwa katika makaburi ya Misri ya kale, na kwa ajili hiyo macho yetu yamezoea kuona mbavu na hayashtuki zinapozidi kuonekana. Panda kwenye mzani ukiwa umempakata, kisha upande peke yako, utoe uzito wako. Paka wa kilo 3 aliyepungua gramu 300 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hilo huwezi kulijua kwa kumtazama.

Hatua ya 3: Mtengee chumba

Kiwe chumba kidogo chenye mlango unaofungika, beseni la mchanga upande mmoja, na chakula upande mwingine.

Hatua ya 4: Chakula na maji

Paka mwenye mafua hali chakula kwa sababu hasikii harufu. Mfute pua kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, kisha ukae naye msalani penye ndoo ya maji ya moto kwa dakika 10 hadi 15, ndoo ikiwa mbali na miguu yake, ili mvuke ulegeze makamasi. Baada ya hapo ndipo umpe chakula. Mimi hutumia changu aliyechemshwa kwa maji matupu na kutolewa miiba yote kwa vidole, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, ambavyo huharibu damu yake. Chakula kiwe na joto la mwili, wala si cha kutoka kwenye friji, kwa sababu joto ndilo linaloamsha harufu. Supu ya samaki huyo inahesabika kuwa maji, na paka huhitaji takriban mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Maziwa ya ng'ombe usimpe. Paka wazima wengi hawawezi kuyasaga, na kuhara kutamkausha zaidi.

Hatua ya 5: Kapu

Nimeshuhudia paka wengi wakipelekwa kwa daktari ndani ya gunia, na ninawasihi wenzangu tuiache desturi hiyo. Ndani ya gunia paka haoni, hapumui vizuri wala hana pa kukita miguu, na akitolewa huwa amekwisha kuamini kwamba anauawa. Kungu, paka wangu wa kwanza, nilimtia guniani mara moja tu. Alilipasua njiani, akapanda paa la makuti la watu, na nilimngoja chini ya paa hilo tangu adhuhuri hadi alasiri ilipokwisha.

Kapu bora ni la plastiki ngumu ambalo nusu yake ya juu hufunguka yote, kwa sababu daktari anaweza kuondoa kifuniko na kumpima paka akiwa amekaa palepale alipo. Usipolipata, kreti mbili za plastiki za ukubwa mmoja, zilizofunikizwa uso kwa uso na kufungwa kamba, zinafaa kuliko kikapu cha ukindu, ambacho paka mwenye hofu hukitoboa kwa kucha. Liweke kapu wazi sakafuni tangu leo, hata kama paka ni mzima, ndani mkiwa na kikoi ulichokivaa bila kukifua, na uwe unamtilia humo kipande cha samaki kila jioni. Kapu linaloletwa siku ya ugonjwa peke yake ndilo linalomfundisha paka kukimbia.

Hatua ya 6: Siku ya daktari

Piga simu mapema, ueleze tabia ya paka wako, uombe nafasi ya kwanza asubuhi, na uulize iwapo daktari anaweza kuja nyumbani. Uliza pia iwapo inafaa apewe dawa ya kumtuliza kabla ya safari. Gabapentini hutumika sana kwa kazi hiyo na hutolewa saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, kwa kipimo cha daktari peke yake. Mrekodi kwa simu akikohoa au akichechemea, kwa kuwa akifika kwa daktari atauficha ugonjwa wote.

Lifunike kapu kwa kikoi, ulikumbatie kifuani badala ya kulining'iniza mkononi, na upitie vichochoro vya nyuma badala ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambako punda na mizigo yao watampita karibu na masikio. Kama ni lazima kuvuka kwa boti, keti mbali na injini.

Kabla hujatoka kwa daktari, uliza swali moja linaloweza kukuondolea taabu yote ya hatua ya 8: je, dawa hii inapatikana kwa maji au kwa sindano? Ipo antibiotiki ya sindano moja inayofanya kazi kwa takriban wiki mbili. Haifai kila ugonjwa, lakini kuuliza kunafaa kila mara.

Hatua ya 7: Kurudi

Wenzake wa nyumbani watamfokea kwa sababu ya harufu ngeni. Mrudishe kwenye chumba chake, awe peke yake hadi asubuhi.

Hatua ya 8: Kidonge

Hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo nilipokosea.

Kungu alipewa vidonge vya doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, kwa mafua ya kifua. Nilijifunza haraka kumtia kidonge koromeoni, nikajiona nimemaliza. Siku ya nne alianza kumeza mate kila mara akinyoosha shingo, akakataa samaki, akatapika kila alichomeza. Nilidhani mafua yamezidi, nikaendelea na vidonge siku mbili zaidi. Daktari alinieleza kwamba vidonge vilikuwa vikikwama katika umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kuuchoma, na kwamba kovu lake linaweza kuuziba umio moja kwa moja. Kungu alipona baada ya wiki kadhaa za supu, na tangu hapo sijampa paka yeyote kidonge bila maji nyuma yake.

Anza kwa njia ya upole. Andaa vipande vitatu vidogo vya samaki: cha kwanza kitupu, cha pili chenye kidonge, cha tatu kitupu. Mpe cha kwanza, kisha cha pili, na kabla hajakitafuna sana awe tayari anakiona cha tatu. Usikisage kidonge na kukichanganya na bakuli zima la chakula, kwa sababu akiacha nusu hujui amekunywa kiasi gani, na akionja uchungu anaweza kukichukia chakula chenyewe. Vipo vidonge visivyopaswa kuvunjwa kabisa, kwa hiyo muulize daktari kwanza. Doksisaiklini isiende pamoja na maziwa, kwani madini ya chokaa huizuia isifyonzwe.

Njia hiyo ikishindikana, piga magoti sakafuni na umweke paka katikati ya mapaja yako, mkia ukielekea kwako, ili akirudi nyuma akukute wewe. Mviringe kikoi kuanzia shingoni, miguu ya mbele ikiwa ndani. Usimkamate kwa ngozi ya shingo. Humtia hofu na humfanya apigane zaidi. Kwa mkono wa kushoto kishike kichwa kutoka juu, kidole gumba shavu moja na kidole cha kati shavu la pili, ukiinue mpaka pua itazame dari. Taya la chini litalegea lenyewe. Kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia lishushe kwenye meno madogo ya mbele, na udondoshe kidonge nyuma kabisa, ng'ambo ya kile kilima cha ulimi. Kikitua mbele ya kilima, atakitema, na ni afadhali kukiokota upya kuliko kukisukuma kwa nguvu. Funga mdomo, sugua koo taratibu, na ungoje alambe pua, kwani kulamba pua ndiyo alama ya kumeza.

Sasa maji. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, nami napendelea la mililita 1 kuliko lile kubwa, kwa sababu hata mkono ukitetemeka halimwagi mengi. Rudisha kichwa kiwe sawa, kisitazame juu tena, kwani maji yakiingia kichwa kikiwa kimeinuliwa huweza kwenda mapafuni. Ingiza ncha kwenye pembe ya mdomo, katikati ya shavu na meno, utoe kidogo, umwache ameze, kisha urudie mpaka ametumia mililita 5 au 6. Akitoa povu jingi, usiogope: ni uchungu wa dawa, wala si sumu.

Ukishindwa mara mbili, mwache. Mfungue, ondoka chumbani, urudi baada ya nusu saa. Usiku ule kwa mama mdogo tulishindwa saa nne, tukashindwa saa tano kasoro, na tukafaulu saa tano na nusu, alipokuwa amekwisha kutusamehe na kuja mwenyewe kwenye kikoi.

Akikuuma na jino likaingia, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo. Jino la paka ni jembamba na huacha vijidudu ndani sana, na kichaa cha mbwa bado kipo Kenya, na paka huweza kukibeba.

Dozi iendelee hadi siku aliyoitaja daktari hata kama paka amekwisha kuanza kuruka madirishani. Siku ya mwisho mpime uzito tena na uuandike chini ya ule wa kwanza. Wa mama mdogo alikuwa kilo 3.1 usiku ule. Jana jioni alikuwa 3.3, na kapu liko wazi mlangoni, samaki ndani.