Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumgeuza au Kumhamisha Mgonjwa Mwenye Mipira na Nyaya

Anayeuguza ndugu yake wodini hujifunza upesi kubeba chupa ya chai, ndoo, shuka za akiba na subira. Asichofundishwa na mtu ni namna ya kumshika mgonjwa mwenye mipira minne na waya juu yake. Hospitali zetu nyingi hutegemea ndugu katika kugeuza, kuogesha, kulisha na kusukuma machela, kwa sababu muuguzi mmoja huwa na wagonjwa wengi mno katika zamu moja, na kwa hiyo maelezo haya nayaandika kwa ajili ya ndugu. Mimi si muuguzi. Nilimuuguza baba yangu kwa siku 19 baada ya kupatwa na kiharusi, na baadhi ya yafuatayo niliyajua nikiwa nimekwisha kumuumiza.

Nawa mikono. Vua saa, bangili na pete zenye vito, maana hunasa plasta.

Siku ya kwanza kabisa, muulize muuguzi mgonjwa wako ana mipira mingapi, kila mmoja unaingia wapi, unaishia wapi, unaingiza nini au unatoa nini, na ni upi usioruhusiwa kuguswa kabisa. Usimuulize akiwa anakimbilia kitanda kingine. Msubiri amalize kugawa dawa, kisha yaandike majibu yake kwenye karatasi. Baba alikuwa na dripu kwenye mkono wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia ndio uliopooza. Mpira wa kulishia uliopita puani hadi tumboni. Mpira mwembamba wa oksijeni wenye vijitundu viwili puani. Na mpira wa mkojo. Juu ya hayo kulikuwa na waya wa kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Ndugu wanapopokezana, anayeondoka amkabidhi anayeingia hesabu hiyo kwa mdomo, wote wawili wakiwa wamesimama kando ya kitanda, wala si kwa simu huku mmoja amekwisha kupanda daladala.

Ukishajua hesabu, angalia njia zake. Stendi ya dripu isimame upande wa mkono wenye kanula, yaani kile kijibomba cha plastiki kilichoingizwa kwenye mshipa, ili mpira usikatize kifua cha mgonjwa. Dripu, oksijeni na nyaya zielekee kichwani. Mpira wa mkojo upite juu ya paja na kuelekea miguuni. Kila mpira uachiwe ulegevu kidogo kabla ya plasta, kiasi cha mgonjwa kuweza kujigeuza bila kuuvuta, lakini usining'inie kitanzi kinachoweza kunasa mguu wa kiti. Mpira wa mkojo ubandikwe plasta pajani. Mfuko wake uwe chini ya usawa wa kibofu wakati wote, kwa sababu ukiinuliwa mkojo hurudi ulikotoka pamoja na vijidudu, na wala usilazwe sakafuni. Uning'inizwe kwenye fremu ya kitanda isiyosogea, si kwenye ule ubavu unaopandishwa na kushushwa.

Hapo kwenye mfuko wa mkojo ndipo nilipokosea.

Jioni ya siku ya tano tulipokea wageni wengi, wakiwamo wakwe zake baba, watu ambao hata mguu wake uliovimba asingependa wauone. Nilichukua khanga nikaichomeka chini ya godoro, ikashuka ubavuni mwa kitanda na kuufunika mfuko wote. Niliona nimemsitiri mzee wangu, na kwa kweli jioni ile ilipita kwa heshima. Khanga nikaisahau pale pale. Asubuhi yake akaja mhudumu na machela, baba akitakiwa kwenda kupigwa picha ya kifua. Oksijeni ilihamishiwa kwenye mtungi mdogo, dripu akaishika kaka yangu, naye akahesabu kwa macho: "Dripu hii hapa, oksijeni ipo, wa puani upo. Twende." Nami niliitikia, ingawa karatasi yenye hesabu kamili ilikuwa mfukoni mwangu. Mhudumu akasema tushike shuka pembe nne, akahesabu moja, mbili, tatu, tukainua.

Baba alifika kwenye machela. Mfuko ulibaki kwenye ndoano yake, nyuma ya khanga.

Hakuweza kusema, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi, ila aliukamata mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, wenye dripu, akaubana hadi kanula ikatoka. Mimi nilidhani anaogopa machela. Nilimwambia, "Tulia baba, tunakwenda kupiga picha tu," na kaka akaendelea kusukuma kwa hatua nyingine nzima kabla mhudumu hajaona ule mpira umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo kati ya kitanda na machela.

Ni vyema kila anayeuguza aelewe kilichotokea ndani, maana kwa nje mpira ule huonekana umeshikiliwa na plasta tu. Ncha yake iliyo ndani ya kibofu ina kiputo ambacho hujazwa maji, kwa kawaida mililita 10 hivi, ili usichomoke. Mpira unapovutwa kwa nguvu, kiputo hicho hukokotwa kikiwa bado kimejaa hadi kwenye shingo ya kibofu na katika njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamume ni ndefu na nyembamba, na hapo ndipo nyama huchanika. Katika dakika chache mkojo wa baba ulikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Picha iliahirishwa. Daktari alilazimika kutoa maji ya kiputo, kuutoa mpira na kuweka mwingine mnene zaidi, na kwa siku mbili kibofu kikawa kinasafishwa kwa maji ya chumvi ili damu isigande na kuziba. Sista wa zamu hakunifokea. Aliinua ile khanga kwa vidole viwili, akaitazama, akanirudishia.

Basi, kabla ya kumwinua, kumgeuza au kumketisha mgonjwa, hesabu kwa mkono. Anza pale mpira unapoingia mwilini, uupitishe kati ya vidole bila kuuvuta, uufuate hadi mwisho wake, yaani kwenye chupa, mfuko, mtungi au mashine, na useme kwa sauti umefika wapi. Kisha uanze wa pili. Shuka, khanga na blanketi viondolewe kwanza, na sitara ya mgonjwa ilindwe kwa pazia la wodi au kwa kuwaomba wageni watoke. Mfunike mgonjwa, lakini usiufunike mfuko; wageni kama wana haya, wakae upande wa pili. Mfuko wa mkojo umwagwe kwanza kabla ya safari, kisha utundikwe kwenye machela kabla ya mwili kuinuliwa, wala usiwekwe juu ya tumbo la mgonjwa. Mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia mipira peke yake, asishike shuka wala asitoe amri. Nanyi wengine msinyanyue hadi yeye aseme mipira iko huru.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya mambo tisa ya kulinda usalama wa wagonjwa, jambo moja kati ya hayo lilikuwa kuepuka kuunganisha mipira mahali pasipo pake, na miongoni mwa maelekezo yake ni hilo hilo la kuufuata mpira hadi ulikoanzia kabla ya kuunganisha chochote. Maelekezo hayo yanasema pia kwamba ndugu wasiunganishe wala wasichomoe kitu, bali wamwite mhudumu wa afya. Nakubaliana nayo, ila kwetu ndugu hufundishwa kumlisha mgonjwa kwa mpira wa puani na kuachiwa kazi hiyo usiku na mchana, kwa hiyo ni lazima niiseme hatari yake.

Dripu na mpira wa kulishia vyote ni plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, na vikilazwa pamoja juu ya mto mmoja hufanana. Mdomo wa bomba la sindano la kawaida umetengenezwa ili uingie kwenye kanula. Ndiyo kazi yake. Sasa bomba kubwa la kulishia linapopotea, ndugu hutafuta bomba la kawaida la mililita 20, analijaza uji mwepesi au maziwa, na kuanzia hapo hakuna kinachomzuia kulisukuma kwenye mshipa wa damu badala ya tumboni isipokuwa macho yake mwenyewe, saa tisa za usiku, kwa mwanga wa simu. Maziwa kwenye mshipa yanaweza kuua. Tangu mwaka 2016 kuna kanuni ya kimataifa ya viungio vya mipira ya kulishia ambavyo havikubaliani kabisa na vile vya dripu, lakini mahali ambapo mipira ya aina hiyo haijafika, ulinzi ni bomba moja la kulishia lisilofanya kazi nyingine, kipande cha plasta kilichoandikwa CHAKULA karibu na mdomo wa mpira, na taa iliyowashwa. Muuguzi akikuta umebandika plasta hiyo hatachukia. Muombe aibandike yeye mwenyewe. Kabla ya kulisha, angalia alama iliyowekwa kwenye mpira pale unapoingia puani. Ikiwa imesogea, au mgonjwa anakohoa na kupaliwa, usilishe. Mwite muuguzi ahakikishe ncha bado iko tumboni. Kichwa cha kitanda kiwe kimeinuliwa, na kibaki hivyo kwa muda baada ya chakula.

Mgonjwa mwenye mpira wa kifuani unaoishia kwenye chupa yenye maji ana masharti yake. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua, ikiwa wima, mahali ambapo mguu wa mtu hautaipiga. Usiinyanyue kupita juu ya mgonjwa, hata kwa sekunde moja ya kupisha fagio. Usiubane mpira huo kwa kubuni, kwa sababu hewa inayokosa pa kutokea hukusanyika kifuani na kuminya mapafu na moyo. Huyo asihamishwe bila muuguzi.

Umeme nao una mambo yake. Mashine ya oksijeni isiyo ya mtungi huvuta hewa ya chumbani na kuichuja, nayo hufanya kazi kwa umeme. Ukiuchomoa ili uchaji simu, mgonjwa anabaki na mpira puani usiotoa kitu. Nimeona soketi moja ikigombewa na simu sita na birika la maji ya moto. Kabla ya kuchomoa waya wowote, ufuate hadi mwisho kama unavyoufuata mpira, na uchaji simu yako kwingine. Waya usikatize njia ya watu, kwa kuwa umeme unapokatika usiku kila mtu huinuka kwa wakati mmoja. Muulize muuguzi mapema mtungi wa akiba uko wapi. Palipo na oksijeni pasifukizwe udi wala ubani, hata kama ni kwa dua, na pasiwe na sigara wala mshumaa. Kibanio cha kidoleni kikikataa kusoma, angalia kidole kabla ya kuilaumu mashine: piko nyeusi na rangi ya kucha huweza kuzuia mwanga wake, na aliyetoka kwenye harusi akalazwa apimwe kwenye kidole kisichopambwa.

Chandarua kiteremshwe baada ya mipira kupangwa, na asubuhi kikunjwe taratibu kutoka upande usio na mipira, kwa maana wavu hunasa viungio vya dripu.

Kitu kikichomoka, usikirudishe. Dripu ikiachana na kanula, funga kile kigurudumu cha kurekebishia matone, kandamiza kwa kitambaa safi panapotoka damu, ita. Damu ikionekana inapanda kwenye mpira wa dripu, ita pia. Mgonjwa aliyechanganyikiwa anayejing'oa mipira asifungwe mikono na ndugu kwa khanga; hilo ni jambo la kuamuliwa na wauguzi na daktari, na mara nyingi mtu wa kukaa naye na kumshika mkono hutosha kumtuliza. Nilijifunza pia kuutazama uso wa mgonjwa asiyeweza kusema kabla ya kumwambia atulie.

Kila asubuhi, madaktari wanapopita, uliza kama kila mpira bado unahitajika. Wa mkojo hasa, kwani hatari ya maambukizi huongezeka kadiri siku zinavyopita, na katika wodi yenye watu wengi ni rahisi ukabaki kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuutoa. Wa baba ulitolewa siku ya 14, baada ya kaka kuuliza mara mbili.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Wageni wasikae kitandani. Watoto wasichezee kile kigurudumu cha dripu, ambacho huwavutia sana. Magurudumu ya machela na ya kitanda yafungwe breki kabla ya kuinua. Viti visogezwe kwa kunyanyuliwa, si kwa kuburutwa, kwa kuwa mguu wa kiti ukiukanyaga mpira wa oksijeni hakuna atakayesikia kitu. Na kikapu cha chakula kisitundikwe kwenye stendi ya dripu, hata kama ndoano ya pili iko wazi.