Somo: detektere ya gazi (kidude kinacholia kikisikia gazi) inalia mu karavani, ufanye nini kwanza

Naandika hii leo juu nimechoka kurudia. Jana saa tano ya usiku mutu amenipigia, king'ora nakisikia nyuma yake, ananiuliza "fundi, nikate waya gani?" Nikamwambia toka inje kwanza na watoto, waya tutaongea kesho. Kwa hiyo nimeweka yote hapa, mukiwa na swali someni mbele ya kuuliza.

Mimi kazi yangu ni karavani, nyumba za magurudumu za kuvutwa na gari, zile za mitumba zinatoka Ulaya, watu wa Goma wamezigeuza ofisi ya shantie (mahali pa ujenzi), resto ya barabarani, nyumba ya sentinele (mulinzi) na familia yake. Lakini hata kama uko na kontena ao nyumba ya mbao yenye detektere ya volti 12, kazi ni ile ile.

1. Toka. Watu wote. Usiguse suwichi yoyote, hata ya kuzima taa, na simu utapigia inje. Mlango uache wazi.

2. Funga chupa ya gazi. Iko inje, mu kasanduku ka mbele. Zungusha robine mpaka mwisho.

3. Acha hewa ipite, nusu saa si nyingi. Gazi ya kupikia iko nzito kuliko hewa, propani karibu mara moja na nusu, butani mara mbili, kwa hiyo haitoki kwa dirisha la juu, inalala chini kama maji. Njo maana detektere imefungwa karibu na sakafu, na njo maana karavani za Ulaya ziko na vitundu mu sakafu yenyewe. Mwangalie vile vitundu! Nimekuta vimezibwa na tambara, na mufuko ya plastiki, mara moja nimekuta bugali mukavu mutu amesindilia na kidole eti panya wasiingie. Kama panya ni shida, weka wavu wa chuma, usizibe.

4. Sikiliza namna inalia. Mlio mkali bila kupumzika na taa nyekundu, hiyo ni gazi, ichukue hivyo mpaka uhakikishe. Bip moja fupi kila nusu dakika ao dakika moja, mara mingi ni umeme umepunguka ao detektere imezeeka. Maana ya mlio imeandikwa mgongoni ao kwa karatasi yake, kila mtengenezaji na yake. Na tarehe iko pale pale. Nyingi zinakaa miaka 5 mpaka 7 kisha zinakufa, hata kama taa ya kijani bado inawaka. Karavani yako ni ya 2009 na detektere haijawahi kubadilishwa? Usitafute mbali.

5. Povu ya sabuni. Fungua chupa kidogo, pakaza povu kwa kila kiungo, kwa detanderi (kile cha kupunguza nguvu ya gazi kwa kichwa cha chupa), kwa tiyo (mupira wa gazi) yote mpaka jiko. Ikitoa vipovu vinavyokua, umepata. Kibiriti hapana, hata mara moja, hata kama mzee wako alikuwa anafanya hivyo. Na pua peke yake haitoshi, gazi yenyewe haina harufu, ile harufu wanaiongeza ili tushituke, na mutu akikaa ndani mda mrefu pua inazoea.

6. Bateri. Hapa nitakaa, juu hapa njo nilikosea.

Karavani moja kule Himbi, mama analala na watoto wake watatu. King'ora kinalia usiku, saa nane, saa kumi, si kila siku. Nikapitisha povu mara tatu, hakuna. Nikabadilisha tiyo, nikabadilisha detanderi, makuta ya yule mama yakaenda, ikalia tena. Nikasema detektere ni ya zamani, inadanganya, nikakata nyaya zake mbili nikazifunga na sikochi. Siku mbili kisha mama ananipigia, harufu ya mayai yaliyooza, mtoto mdogo macho yanatoa maji, kichwa kinamuuma. Nikaenda, nikainua ubao wa kitanda cha yule mtoto. Bateri iko ndani ya sanduku la mbao, imevimba mbavu, nikaigusa nikarudisha mkono, maji yake yanachemka nayasikia kama sufuria ya maharage. Shajeri ilikuwa inatoa volti 16 na kitu. Umeme ulikuwa unarudi usiku tu, njo maana ililia usiku tu. Bateri ya risasi na asidi ikichajiwa kupita kiasi inatoa hidrojeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka, na ile harufu ya mayai ni gazi nyingine ya sumu inatoka pamoja nayo. Detektere ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza. Haijui jina la gazi, inajua tu kama kuko kitu kinachoweza kuwaka. Mimi ndiye niliyeifunga mdomo, na bateri iko chini ya mtoto. Nilimrudishia makuta ya tiyo na ya detanderi, lakini ile siku bado inaniuma.

Kwa hiyo:
Andika SAA. Inalia umeme ukirudi, angalia bateri. Inalia mukipika, angalia tiyo na jiko.
Pima volti shajeri ikiwa inafanya kazi. 13.5 mpaka 14.4 ni sawa. Ikipita 15, simamisha. Bateri ya moto, imevimba, inanuka: hewa ipite kwanza, kisha zima umeme wa shajeri kutoka mbali, ngoja ipoe, njo utoe vikamatio. Ukivitoa ikiwa inachaji cheche inaruka, na uso wako uko juu yake. Vaa lineti za kukinga macho.
Bateri ya maji lazima iwe na katiyo ka kupeleka pumzi inje. Chini ya kitanda bila katiyo, hapana.
Na kinyume yake: volti zikishuka karibu na 11, detektere nyingi zinaanza bip bip juu ya njaa, si juu ya gazi.

7. Vitu vya mu nyumba. Sprei ya nywele, dawa ya mbu, parfe, rangi mbichi, kole ya tapi (gundi ya zulia), pombe kali. Vyote vinaweza kuiamsha. Toa kitu inje, pitisha hewa, ngoja. Na usiipulizie sprei yenye silikoni karibu, inaua ile pua yake pole pole na huwezi kujua.

8. Monoksidi ya kaboni, gazi ya sumu. Hii iko na detektere yake ingine, ao ni ile ile yenye pua mbili. Gazi hii inatoka kwa babula (jiko ya makala), gurupe (jenereta), jiko lenye moto wa manjano. Haina harufu. Uzito wake ni karibu sawa na hewa, kwa hiyo haikai chini, detektere yake inawekwa kwa kimo cha pua ya mutu anayelala. Zile za Ulaya, sehemu 50 mu milioni moja ya hewa zinangoja saa moja mpaka saa moja na nusu kabla ya kulia, lakini 300 ni ndani ya dakika tatu. Kwa hiyo isikushangaze inalia makala ikiwa imebaki majivu mekundu tu. Ikilia na mutu anaumwa kichwa ao anatapika: inje, kisha hospitali.

MASWALI

Mwana Katindo: Fundi yangu inafanya bip moja kila dakika, hiyo ni gazi?

Fundi: Hatua ya 4.

Mwana Katindo: Nimesoma lakini sikuelewa.

Fundi: Geuza mgongo, soma tarehe. Kisha pima bateri. Uniletee namba mbili, ya mwaka na ya volti, njo tutaendelea.

Kijana wa Birere: Asante kwa somo mukubwa. Mimi nilitoa fizibu yake wiki iliyopita, sasa tunalala vizuri

Fundi: Hukusoma hatua ya 6. Rudisha fizibu leo, si kesho. Ikilia, fuata kutoka 1.

Kijana wa Birere: Lakini hakuna harufu yoyote, mimi si mtoto

Fundi: Sikusema wewe ni mtoto. Nilisema nilikuwa nawaza kama wewe na nilikosea. Rudisha fizibu.

Mama wa Ndosho: Fundi, mimi niko na karesto mu karavani, jioni natoa kasiksi (pombe ya ndizi) na kanyanga (pombe kali) kidogo. Inalia saa sita ya mchana jua likiwa kali, moto bado sijawasha, chupa imefungwa. Bateri nimepima 12.6, shajeri hakuna, ni sola. Povu pia nimefanya. Bidoni za kanyanga ziko chini ya meza, detektere iko kwa mguu wa meza.

Fundi: Mama, umefanya kazi yote mwenyewe, asante sana. Ni kanyanga. Jua likipasha bidoni, pombe inapanda kama mvuke, na ile pua haitofautishi mvuke wa pombe na gazi. Toa bidoni inje siku mbili, uone. Lakini detektere usiihamishe juu eti iache pombe, iache pale chini. Kitu kimoja: na sola pia pima mchana jua likiwa kati, rigilateri (ile inapanga volti za sola) ikiharibika inapandisha volti kama shajeri mbaya.

Mama wa Ndosho: Nilipima asubuhi tu. Nitapima saa saba nikuambie.

Dereva wa Bulengo: Swali langu ni la mazuku. Karavani yetu iko mu shimo kidogo karibu na Lac Vert, sentinele analala humo. Boss anasema detektere ya gazi iko chini kwa sakafu na mazuku inakaa chini, kwa hiyo italia. Ni kweli?

Fundi: HAPANA, na asante kuuliza, hili swali lilipaswa kuwa mu somo. Mazuku ni gazi kaboniki (dioksidi ya kaboni) inatoka mu udongo wa volkano. Ni nzito kama propani, mara moja na nusu ya hewa, inajaa mu mashimo usiku na asubuhi mapema upepo ukiwa umelala. Lakini haiwaki. Detektere ya propani inatafuta kitu kinachowaka, kwa hiyo mazuku itajaa mpaka kwa godoro na ile taa ya kijani itakuangalia tu. Detektere ya monoksidi pia haiioni, majina yanafanana lakini ni gazi tofauti. Kuko mashini ya kupima gazi kaboniki yenyewe, inatumia mwangaza wa infrared, ni kitu kingine kabisa. Na karavani yenye vitundu vya sakafu mu shimo la mazuku, vile vitundu vinakuwa mlango wake. Si kusema uvizibe, ni kusema karavani haipaswi kuwa pale. Ipandishe mahali pa juu. Kama umeona ndege ao panya wamekufa mu lile shimo asubuhi, sentinele asilale humo hata leo.

Kadogo Bukavu: Si munashusha mshumaa, ukizimika ni mazuku?

Fundi: Moto ukizimika, mutu aliyeinama pale hewa yake pia imekwisha. Na mshumaa mu karavani yenye chupa ya gazi, wewe mwenyewe fikiri.

Kadogo Bukavu: Sawa yaya. Na moto wangu wa jiko uko manjano, masufuria yanakuwa meusi, ni gazi mbaya?

Fundi: Si gazi. Hewa haiingii vizuri. Toa brileri (kile kichwa kinachotoa moto), angalia mu katiyo kake, buibui wanapenda kujenga mule, na vumbi yetu nyeusi inajaa. Piga brosi, osha, kausha vizuri. Tena hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo uchafu kidogo tu unaharibu moto. Moto wa manjano ni monoksidi, usipike umefunga dirisha.

Mwana Katindo: Fundi, mwaka 2011, volti 12.5.

Fundi: Sasa tunaongea. Imekufa, nunua ingine. Na ukienda sokoni geuza mgongo wake usome tarehe mbele ya kutoa makuta, kuko za mitumba wanaosha vizuri sana.

Dereva wa Bulengo: Nimemuonyesha boss. Kesho saa mbili tunaleta gari ya kuivuta, tutaiweka juu kwa barabara. Leo sentinele analala kwangu.

Mama wa Ndosho: Saa saba: volti 15.8. Bidoni ziko inje na bado imelia.

Fundi: Mama, fungua milango kwanza, toka, kisha zima sola kwa kufunika paneli na blangeti. Niko njiani.