Kisu kwanza, rangi baadaye

Wewe uliyenunua plota juzi, mashine ya kukatia stika kwa kisu kidogo, na tayari unatafuta rola za stika za rangi kumi, subiri kidogo. Anza na kisu. Plota yangu ya sentimita 60 niliinunua mkononi mwa mtu, na mwezi wa kwanza nilitupa stika nyingi kuliko nilizouza, kwa sababu nilidhani kisu kikitoka sana ndiyo kinakata vizuri.

Kazi nyingi zinataka kisu cha nyuzi 45. Cha nyuzi 60 kiweke kwa stika nene, zile za kumetameta. Ncha itokeze kwenye kishikio kiasi cha kuihisi kwa kidole kuliko kuiona kwa jicho. Kisha kata jaribio pembeni mwa rola: mraba wa sentimita 1, na duara ndani yake. Ung'oe. Mraba utoke na kona zake nne, na karatasi ya chini ibaki na alama hafifu tu ya mkwaruzo. Karatasi ikitoboka, punguza mgandamizo wa kisu, ambao plota huupima kwa gramu. Kona ikivutika, ongeza gramu 5, ujaribu tena. Mimi stika ya fulana, ile inayoshika kitambaa kwa moto, huanzia gramu 80. Jaribio hili nalirudia kila nikibadilisha rola, hata kama rangi ni ileile.

Kwenye kompyuta, geuza maandishi yawe mistari. Mwandiko wa kuunga lazima herufi uziunganishe ziwe umbo moja. Usipofanya hivyo, kisu kitapita kila zinapopandana na jina la bwana harusi litatoka vipande vipande.

Kwa fulana, upande wa plastiki unaong'aa, ule unaobeba stika, unalala chini kwenye plota, na maandishi yanakatwa kinyume, kama unavyoyaona kwenye kioo cha kujitazamia. Kila fundi amewahi kusahau hili, muulize yeyote. Kung'oa stika isiyotakiwa kunahitaji taa ya pembeni na mkono mtulivu: anza na vitumbo vya a, e na o kwa ncha ya sindano, ndipo uvute eneo kubwa.

Fulana ya pamba ibane tupu kwenye mashine ya moto sekunde 5 ili unyevu utoke, kisha weka maandishi, nyuzi joto 150 hadi 160 za Selsiasi, sekunde 15. Plastiki nyingine hubanduliwa ya moto, nyingine ikishapoa. Soma maelezo ya rola. Herufi ikiinuka na plastiki, irudishe chini ubane tena.

Jezi ni habari nyingine. Niliwahi kubandika namba nyeupe kwenye jezi nyekundu za poliesta, moto uleule wa pamba. Jioni zilikuwa safi kama maziwa. Siku ya mechi nahodha akaniletea namba 7 ya waridi! Moto ulikuwa umeamsha rangi ya kitambaa ikapanda ndani ya namba. Nilizirudia zote kwa hela yangu. Siku hizi kwa poliesta nanunua stika ya moto mdogo yenye tabaka la kuzuia rangi, nabana nyuzi joto 130, na jezi moja nailaza siku mbili nione kama rangi itapanda, kabla ya kugusa nyingine.

Mabango hayana moto, lakini yana jua. Mlango wa kioo wa saluni naubandika asubuhi na mapema, kwa sababu kioo kikishapata joto gundi hushika papo hapo na huwezi kusogeza kitu. Safisha, puliza maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, laza stika na tepu yake, ile inayoibeba kutoka kwenye karatasi, ipime kwa rula, kisha kamua maji kutoka katikati kwenda pembeni. Usiwe na haraka na tepu. Ivute ikiwa imejikunja juu ya yenyewe, karibu kabisa na kioo. Kama mteja anataka stika ikae ndani isomeke nje, nayo ikatwe kinyume. Kiputo kitakachobaki, kitoboe kwa sindano pembeni mwake, ukibonyeze kwa kidole gumba.