Alizeti za Van Gogh kwa kitambaa na ganda la mgomba

Mchoro wa alizeti ambao Vincent van Gogh aliuchora mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, mwezi Agosti 1888, na ambao sasa umo katika jumba la National Gallery mjini London, una maua 15 ndani ya chombo kimoja, na kila ua lina umri wake. Yapo yaliyochanua, petali zikiwa zimezunguka kichwa kama miale. Yapo yaliyojaa petali nyembamba tele hata kitovu hakionekani. Na yapo yaliyokwisha kupukutika yakabaki na kichwa cha mbegu kilichoinama. Yeyote aliyepita kandokando ya shamba la alizeti tangu linapochanua hadi mavuno anazijua hatua hizo, na kumbukumbu hiyo itamfaa kuliko picha ndogo ya kwenye simu. Mara ya kwanza nilipoyatengeneza maua hayo kwa kitambaa, nilikata petali zote kwa kipimo kimoja, nikapata maua 15 nadhifu yasiyohusiana na mchoro huo hata kidogo, nikalazimika kuyafumua yote.

Hapa Moshi ninatumia vitu viwili vikuu: mashuka ya mitumba kutoka soko la Memorial, na maganda makavu ya mgomba kutoka vihambani, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Shuka liwe jeupe na la pamba halisi, kwa sababu kitambaa chenye poliesta hakishiki vizuri rangi za asili. Maganda yachunwe kwenye shina la mgomba uliokwisha kukatwa, yale ya nje yaliyokaukia pale pale, kisha yaanikwe tena siku kadhaa. Wakati wa masika ni afadhali kuacha kabisa, maana ganda lenye unyevu huota ukungu ndani ya ua bila wewe kujua. Utahitaji pia waya wa kufungia nondo, koleo, gundi ya mbao, sindano na uzi, na nguo kuukuu ya kijani kwa ajili ya majani na vikonyo.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye rangi. Van Gogh aliweka manjano juu ya manjano: maua, chombo, meza na hata ukuta wa nyuma, na bado kila kitu kinaonekana peke yake, kwa kuwa hakuna manjano mbili zilizo sawa. Kwa hiyo andaa angalau manjano nne. Loweka kwanza kitambaa kwa saa moja katika maji ya moto yenye kijiko kimoja cha shabu iliyosagwa kwa kila lita, ili rangi ishike. Kisha chemsha vijiko viwili vya chakula vya manjano ya unga, kile kiungo cha jikoni kilichoipa rangi yenyewe jina lake, katika lita moja ya maji kwa dakika 20, na uchuje. Kipande kimoja kitumbukize kwa dakika tano tu, kitoke na rangi hafifu. Cha pili kiache saa nzima. Cha tatu kichemshe na maganda makavu ya vitunguu maji, sufuria ikiwa imejaa, nawe utapata rangi ya dhahabu iliyokolea. Cha nne, baada ya kutoka kwenye manjano, kichovye kwa muda mfupi katika maji yenye magadi kidogo, kigeuke kuelekea wekundu wa udongo. Usikisuuze kwa nguvu wala kukitia ndimu, kwani kitarudi kuwa cha manjano. Vyote vianikwe kivulini.

Vikikauka, vichovye katika uji mwepesi wa unga wa muhogo, vijiko viwili kwa nusu lita ya maji, kisha uvikaushe na kuvipiga pasi. Kitambaa kikishakuwa kigumu kama karatasi, ndipo kinapokatika bila kufumuka nyuzi.

Ua lililochanua huanzia kitovuni. Lainisha ganda la mgomba kwa kitambaa kibichi, lipasue utepe wa upana wa sentimita 3, chanja ukingo mmoja uwe kama kitana, kisha uuviringishe kuzunguka ncha ya waya huku ukiongeza tepe kwa gundi hadi upate kipenyo cha sentimita 5. Kata petali 20 hadi 25 zilizochongoka, za urefu wa kati ya sentimita 5 na 8, na usiogope kuzichanganya rangi katika ua moja. Lowesha vidole, sokota kila petali kidogo, na upitishe ukucha katikati kuacha mfereji. Van Gogh alipaka rangi nzito hata nyayo za brashi zikabaki zimeinuka, na mifereji hiyo ndiyo inayochukua nafasi yake. Shona petali kwa safu mbili, kisha uzibe mgongo kwa majani mafupi ya kijani.

Ua lililojaa ni rahisi zaidi: utepe wa kitambaa wa mita moja na nusu, upana wa sentimita 5, uliochanjwa hadi karibu na ukingo wa pili, huviringishwa na kushonwa kwenye kitako, halafu hufumbuliwa kwa vidole. Ua lililopukutika ni kichwa cha ganda la mgomba peke yake, kikubwa kidogo, chenye petali mbili tatu zilizonyauka na majani ya kijani yaliyopinda nje. Mimi hutengeneza sita, sita na matatu, na hayo matatu ndiyo ninayoyapa muda mrefu zaidi.

Chungu kiwe kidogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa katika mchoro maua yamekizidi chombo kwa mbali. Kijaze kokoto kisipinduke, na ukipake manjano mbili, iliyokolea juu na hafifu chini, zikitenganishwa na mstari mwembamba wa buluu. Pinda vikonyo ili baadhi ya vichwa vining'inie pembeni. Nyuma yake tandika kitambaa cha manjano hafifu, hata kama wageni watapendekeza cheusi. Anayependa buluu ana haki ya kufuata mchoro mwingine wa mwezi huo huo, ulioko Munich, ambao ukuta wake ni wa buluu inayoelekea kijani.

Usiliweke shada hili karibu na dirisha, kwa sababu rangi ya manjano ya jikoni hupauka upesi juani. Hata rangi ya kromu aliyoitumia Van Gogh mwenyewe imethibitishwa kuwa hubadilika kuwa kahawia kwa mwanga. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu, kuanzia kitovuni kwenda nje.