Jinsi ya Kuomba Kufanya Mtihani wa Kichina wa HSK

Kabla ya kujaza fomu yoyote, mwombaji hana budi kuamua anautaka mtihani upi. HSK hupima Kichina cha jumla, na ndio unaotakiwa na vyuo vikuu vya China kwa masomo yanayofundishwa kwa Kichina. BCT hupima Kichina cha biashara: una ngazi A kwa wanaoanza, ngazi B kwa waliokwisha kupiga hatua, na mtihani wa mazungumzo unaojitegemea. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou au Yiwu huenda akavutiwa na BCT, lakini kwa maoni yangu HSK ngazi ya 4 itamfaa zaidi, kwa kuwa inajulikana na wengi, ilhali msamiati wa kuulizia bei, malipo ya awali na tarehe ya kupakia kontena anaweza kujifunza pembeni.

Kwa mtaala ulioanza mwaka 2010, ngazi ya 1 inahitaji maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600 na ya nne 1,200. Hata hivyo, ugumu hauko kwenye idadi ya maneno peke yake. Katika ngazi mbili za mwanzo, maandishi ya Kichina huambatana na pinyin, yaani matamshi yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kuanzia ngazi ya 3 msaada huo huondolewa na sehemu ya kuandika huongezwa. Sauti za sehemu ya kusikiliza, ambazo hadi ngazi ya 3 huchezwa mara mbili, katika ngazi ya 4 huchezwa mara moja tu, na hapo ndipo waliozoea kujisomea kimyakimya hukwama.

Maombi hufanywa kwenye tovuti rasmi, chinesetest.cn, ambako mwombaji hufungua akaunti kisha huchagua ngazi, tarehe na kituo. Vituo vingi huwa chini ya Taasisi za Confucius, yaani taasisi zinazofundisha lugha na utamaduni wa Kichina, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni vyema kuwasiliana na kituo mapema, kuulizia ada na namna ya kuilipa, na kama ngazi unayoitaka inaambatana na mtihani wa mazungumzo, HSKK.

Panapokuwa na nafasi ya kuchagua kati ya karatasi na kompyuta, ifikirie vizuri: kwenye kompyuta mtahiniwa huandika kwa kubonyeza pinyin na kuchagua neno linalojitokeza, ilhali kwenye karatasi hulazimika kuchora kila mstari kwa penseli.

Majina yajazwe kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule wa jina la ukoo na majina mengine, kwa sababu ndiyo yatakayochapishwa kwenye cheti. Sisi wa majina matatu tuwe waangalifu zaidi hapa. Pakia pia picha ya karibuni ya pasipoti.

Maombi yakithibitishwa, chapisha kibali cha kuingilia mtihani na ukipeleke kituoni pamoja na kitambulisho halisi, si nakala. Matokeo husomwa kwenye akaunti ileile. Kwa kuombea chuo nchini China, matokeo hutumika kwa miaka 2 tangu siku ya mtihani. Kwa hiyo anayelenga kujiunga baadaye asiwahi mno kuufanya.