Kuchunguza Matabaka ya Udongo na Maji ya Ardhini Panapovuja Mafuta

Mwongozo huu unahusu kituo cha mafuta ambacho tangi lake la chini ya ardhi linashukiwa kuvuja, kwenye ardhi ya mchanga ya pwani kama ile ya Dar es Salaam, ambako maji ya ardhini mara nyingi hayako mbali na majirani wengi wana visima.

Hatua ya 1: Maandalizi

Kusanya michoro ya matangi na mabomba, kumbukumbu za mafuta yaliyopokelewa na yaliyouzwa, na orodha ya visima vya jirani pamoja na kina chake. Ombeni vibali mapema. Kwa Dar es Salaam, mambo ya uchorongaji yanapitia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mita ya kwanza na zaidi kidogo ichimbwe kwa mkono, kwa kuwa ndimo zinamopita nyaya na mabomba.

Hatua ya 2: Kuchoronga na kusoma matabaka

Anzia upande unaodhaniwa kuwa safi, kisha sogea kuelekea kwenye tangi, ili vifaa visibebe uchafu kutoka shimo moja hadi jingine. Chukua sampuli kila nusu mita na kila tabaka linapobadilika, ukiandika papo hapo rangi, unyevu, harufu na ukubwa wa chembe. Udongo wa mfinyanzi ukiloa huviringika kuwa uzi mwembamba, ilhali mchanga hukatika. Sehemu ya sampuli itiwe kwenye mfuko uliofungwa na kupimwa kwa kipima mvuke, lakini ile ya maabara ifungwe kwenye chupa mara moja, kwani petroli hupotea hewani upesi.

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tabaka la mfinyanzi lenye unene wa sentimita chache tu linaweza kuyazuia mafuta yasishuke, yakatambaa juu yake kufuata mteremko wake, ambao pengine haulingani kabisa na mteremko wa uwanja unaouona. Ukikuta mafuta yamekaa juu ya mfinyanzi, simamisha uchorongaji, maana kulitoboa tabaka hilo ni kuyafungulia njia ya kwenda kwenye maji ya chini zaidi.

Hatua ya 3: Kujenga visima vya uangalizi

Bomba la PVC la milimita 50 linatosha. Petroli huelea, hivyo sehemu ya bomba yenye matundu ianzie juu ya usawa wa maji wa masika na ishuke chini ya ule wa kiangazi. Zungushia mchanga safi uliochekechwa, weka bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukiloa na kuziba maji) juu yake, kisha saruji. Maji yanapopanda wakati wa mvua, mafuta mengi hunaswa kati ya chembe za mchanga chini ya maji, na kisima kilichokuwa na mafuta huonekana safi. Ripoti iliyoandikwa kwa vipimo vya msimu mmoja siiamini.

Hatua ya 4: Kupata mwelekeo wa maji

Visima vitatu vilivyopangwa pembetatu ndicho kiwango cha chini. Pima mwinuko wa mdomo wa kila bomba kwa usahihi wa milimita, kisha kina cha maji katika visima vyote siku moja. Penye mafuta yanayoelea, uzito wake huyasukuma maji chini, hivyo zidisha unene wake kwa uzito wake ukilinganisha na maji, halafu ongeza jibu kwenye mwinuko wa mpaka wa mafuta na maji. Petroli ya sentimita 40, kwa uzito wa 0.75, inaongeza sentimita 30. Mahali ambapo maji yana mteremko wa milimita 4 kwa mita, kusahau hesabu hii kunaweza kuugeuza mshale wa mwelekeo. Unene huo wa kisimani, hata hivyo, usichukuliwe kuwa ndio unene wa mafuta ardhini, kwani mara nyingi huuzidi.

Hatua ya 5: Sampuli za maji

Vuta maji polepole mpaka pH (kiwango cha tindikali), upitishaji umeme na oksijeni vitulie. Jaza chupa za kioo za mililita 40 zenye tindikali bila kuacha kiputo, uzihifadhi kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, na zifanyiwe vipimo ndani ya siku 14. Kwa benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Kisima chenye mafuta yanayoelea hakihitaji gharama ya vipimo hivi vya maabara. Peleka fedha kwenye visima vya majirani vilivyo upande maji yanakoelekea, na kimoja cha upande yanakotoka kwa kulinganisha.